Shimo la Posti

Katika nyumba niliyoolewa hapakuwa na takataka. Sisemi palikuwa pasafi. Maganda ya ndizi yalikuwapo, magamba ya samaki, majivu, pumba za mpunga, mashina ya sombe, yale majani ya muhogo, mavi ya mbuzi wawili, vyote vilikuwapo na kwa wingi. Kilichokosekana ni neno. Ndani ya ua ule mwanamke hakuruhusiwa kulitamka.

Sababu ilikuwa baba mkwe, ambaye sikumkuta hai. Ndugu zake waliomtangulia kuzaliwa walikufa wote wakiwa wachanga. Basi yeye alipozaliwa wazazi wake walimpa jina la Kirundi lenye maana ya takataka, ili kifo kikipita kimwone ni kitu cha kutupwa, kimwache. Kikamwacha. Alikua, akaoa, akajenga Uvira karibu na mto Mulongwe, akafa mtu mzima kwa homa, kama watu wengine. Kwetu mwanamke hataji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo, hata mwenyewe akiwa kaburini. Wenzangu wengine waliolewa kwa wazee wenye majina ya mvua, wakahangaika masika tu, kiangazi wakapumzika. Mimi niliangukia neno ambalo mwanamke analihitaji kila akishika ufagio.

Mama mkwe naye hakulitaja. Tangu alipozaa alimwita mumewe kwa jina la mtoto, baba fulani, na mumewe alipokufa aliendelea hivyohivyo. Tena alikuwa ameongeza sheria. Jina lilikuwa la Kirundi, lakini yeye alikataza na neno la Kiswahili, kwa sababu, alisema, maana ni ileile, na Kiswahili si mahali pa kujificha. Kwa hiyo tulisema “vya inje.” Peleka vya inje. Vya inje vinanuka. Mtu wa nje akilitaja neno lenyewe mbele yetu, tulikohoa. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu: unalifunika kwa kikohozi ili lisikufikie.

Nilitoka Katogota, kwenye uwanda wa Ruzizi, nikiwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mume wangu alipakia mizigo bandarini Kalundu, akiondoka asubuhi na kurudi jioni, hivyo mchana kutwa nilikuwa na mama yake. Kwetu bi harusi huitwa umugeni, na Waswahili wakisikia hudhani tumesema mgeni. Hawakosei sana. Nilipika kwenye mafiga ya mama mkwe, katika chungu chake, kwa chumvi aliyoitia yeye. Sharti alinipa siku ya kwanza, akiwa anachambua maharage, bila kuniangalia: mwaka mzima ulimi wangu usiteleze, ndipo nitapata mafiga yangu mwenyewe. Ukiteleza, ninakunja mkeka wangu na kurudi Katogota, hadi baba yangu alete pombe ya kusafisha kosa.

Halikuwa tishio la mdomoni. Mke wa kaka mkubwa wa mume wangu aliteleza mwezi wa tatu wa mwaka wake, akiwa anamfukuza kuku jikoni. Alirudishwa kwao. Baba yake alikasirika kwamba binti yake amerudishwa kwa ajili ya kuku, akakataa kuleta pombe, na upande wa huku ukakataa kumfuata. Mpaka mimi ninaolewa, yule mwanamke alikuwa bado kwao. Nami baba yangu namjua, kiburi chake kilikuwa kikubwa kuliko cha yule mzee. Niliogopa sana. Mume wangu nilimpenda, sioni sababu ya kuficha jambo hilo leo.

Kiangazi kilipoanza alikuja moniteri wa kilimo. Alikuwa kijana mwenye kaptula ya kaki, daftari na fimbo ya kupimia, akipita parsele kwa parsele, kiwanja kwa kiwanja, kwa amri ya agronomi, mkuu wake. Tulimpa kiti. Sisi tulibaki tumesimama, mimi nyuma ya mama mkwe, macho chini.

“Mama, munachimba shimo hapa,” alisema, akionyesha kwa fimbo. “Metre mbili urefu, metre moja upana. Kila siku munatia takataka ya ku jiko—”

Tukakohoa.

“—munatia na takataka ya mu kiwanja—”

Tukakohoa.

“—juu yake majani, majivu, mavi ya mbuzi, munanyunyizia maji. Kila wiki mbili munageuza. Kisha miezi kupita, ile takataka—”

Mama mkwe alikohoa mpaka akashika mbavu. Mimi nilimfuata. Kijana alitutazama mmoja mmoja.

“Muko bagonjwa?”

“Hapana, bwana,” alisema mama mkwe. “Iko vumbi.”

“Basi, ile inageuka kabisa. Njo komposti.”

Akaandika kitu, akafunga daftari, akaenda kwa jirani. Mama mkwe alisubiri avuke ua.

“Umesikia?”

“Nimesikia, mama.”

“Amesema nini?”

“Amesema njo ku posti.”

“Njo ku posti,” alirudia, akatikisa kichwa taratibu.

Sikumdanganya, na yeye hakunidanganya. Ndivyo masikio yetu manne yalivyosikia: ndiyo ya kwenda Posti. Posti kwetu zilikuwa ofisi za serikali, kule mjini, penye bendera. Tulikuwa tumekohoa kila mahali palipokuwa na maelezo, tukabaki na vipimo na mahali pa kupeleka. Wala hatukushangaa. Katogota, serikali ilitwambia tupande pamba, tukapanda; ilikuja na mizani ikaichukua, na hakuna aliyekuwa ameona mtu anakula pamba. Serikali ikikuambia ukusanye kitu huulizi cha nini. Unauliza siku ya kupima.

Shimo tulichimba sisi wawili, kwa majembe, katika changarawe za Mulongwe ambazo ukitoa jiwe moja unakuta mawili yaliyokuwa yanalisubiri. Lilipokwisha, mama mkwe alisimama ukingoni akaniambia kwamba kitu cha Posti hakitiwi ovyo. Tangu siku hiyo tuliosha maganda ya ndizi. Ninasema ukweli mtupu. Niliketi na beseni la maji, nikasugua maganda kwa kiganja, nikayapanga kwenye ungo yanyauke kidogo, kisha yeye anakuja kuyakagua. Yenye madoa meusi aliyatoa, akawapa mbuzi. Vichwa vya mukeke, samaki wetu wa ziwani, vilimsumbua siku mbili nzima; hakujua kama ni heshima kuipa serikali kichwa. Mwishowe aliamua kwamba wazungu nao wanakula samaki, lazima wanajua samaki ana kichwa, akaruhusu.

Mimi nilifurahi, kwa sababu yangu mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa na neno. Niliweza kusema “vya ku posti” kutwa mara ishirini bila ulimi wangu kutembea kando ya shimo lile jingine. Miezi miwili ilipita sikuota ndoto ya kukunja mkeka.

Kisha shimo likaanza kushuka. Tulilijaza mpaka mdomoni, na baada ya wiki tatu lilikuwa nusu. Tukalijaza tena, likashuka tena. Tangu wakati huo nimejaza mashimo mengi kuliko ninavyokumbuka, na leo mtu akiniuliza namwambia ni kawaida, vitu vinaoza, vinakaa chini, ndoo kumi zinakuwa tatu. Wakati ule hatukujua. Mama mkwe alichuchumaa, akatazama, akasema, “Iko muntu anaiba.”

Aliweka miiba kuzunguka shimo. Kila asubuhi alikagua miiba, haikuguswa, na shimo limeshuka. Hilo lilimtia hofu zaidi. Ilibidi tufidie. Alinituma kwa majirani kuomba maganda, nami niliona aibu, maana kwetu wenye mbuzi ndio huombwa, si wao wanaoomba. Lakini nilienda, nikarudi na vikapu vya maganda ya watu, nikayaosha.

Nilipogeuza kwa mti, kama moniteri alivyoagiza, mvuke ulipanda. Mama mkwe alitia mkono, akautoa haraka. Akaenda kuleta maji, akanyunyizia polepole, jinsi anavyopoza paji la uso la mtoto. “Mali ya batu imeshikwa na homa,” alisema. Hakuwa anatania. Sikumwona akitania hata siku moja mwaka ule.

Mwezi wa nne tangu tuchimbe, vyote vilikuwa vyeusi. Ganda halikujulikana kuwa ganda, samaki alikuwa amepotea na mifupa yake. Palikuwa na udongo mweusi, laini, wenye minyoo myekundu, unaonukia mvua. Mkulima wa Katogota nilipaswa kuelewa. Nilikuwa na mikono ndani yake. Lakini nilikuwa nimeingia mwezi wa kumi na moja wa mwaka wangu, nilichokuwa ninafikiri ni ulimi tu. Na mama mkwe alikuwa ameketi chini, mikono kichwani.

“Tumeiharibu,” alisema. “Vyote vimeoza. Batakuja na camion, batakuta hivi.”

Kamioni, lori la serikali, haikuja. Wiki moja, mbili. Mvua za kwanza zikakaribia, mawingu yakikaa juu ya milima ya Bijombo kila alasiri, na yeye halali. Akaamua: tusingoje kufuatwa. Tutapeleka wenyewe, vikapu viwili, kila kimoja nusu, ili waone hali ilivyo na waseme adhabu yao mapema. Alivaa kitenge chake cha misa. Juu ya kila kikapu alifunika jani la mgomba, tukajitwika, tukaenda Posti.

Karani alikuwa nyuma ya meza, watu wamepanga mstari hadi nje. Tulipofika mbele aliuliza tumeleta nini.

“Tumeleta ya ku posti,” alisema mama mkwe.

“Hapa njo ku posti, mama. Munaleta nini?”

“Njo ile ya ku posti, bwana.”

“Nasikia. Nini?”

“Ya ku posti.”

Waliokuwa nyuma yetu walianza kucheka. Karani alinyanyuka, akafunua jani, akaona udongo mweusi. Kicheko kikakatika. Mtu akipeleka maharage ofisini anapeleka maharage. Akipeleka udongo mweusi, umefunikwa kwa jani, asubuhi, katika nguo zake nzuri, kila mtu wa Uvira anajua amekuja kufanya nini. Mstari ulirudi nyuma. Mwanamke mmoja alisema, si kwa sauti kubwa, “Mulozi.”

Karani aliliachia jani. Uso wake ulikuwa umebadilika. “Hii udongo mumetosha wapi? Mu kaburi?”

“Hapana, bwana! Ya ku jiko!”

“Udongo ya ku jiko?”

“Si udongo. Vile vitu… vile vyenye kubakia. Vya inje. Muntu akisha kula, vile anatosha…”

“Vitu gani? Sema jina yake.”

Hakuweza. Nilimwona akilizunguka lile neno kutoka kila upande: vya kubaki, vya kufagia, vyenye mbuzi hawataki. Kila alivyozunguka ndivyo alivyozidi kuonekana mchawi. Karani alimwita polisi, akamwambia amfungie mama huyu chumba cha nyuma mpaka bwana mkubwa arudi kutoka Luberizi, na kwamba hana hakika atarudi lini. Polisi naye hakuwa na haraka ya kumshika. Mama mkwe alikishika kikapu chake. Alikuwa mwanamke mkali, na mimi sikuwa nimempenda mpaka siku ile, lakini alionekana mzee ghafla, mwenye vumbi miguuni, na nilishindwa kuvumilia.

Nikasema, “Ni takataka.”

Hakuna aliyekohoa.

Karani alinigeukia. “Weye unanichezea? Nani analeta takataka ku posti?”

Palikuwa na planton mlangoni, mzee wa kutumwa na barua, mtu wa uwandani kama mimi, nilimjua kwa sauti alipoinama na kuniuliza kwa Kirundi, kwa upole, “Mwanangu, hicho ni kitu gani hasa?” Akauliza kwa Kirundi, ikabidi nijibu kwa Kirundi. Nikalisema lenyewe. Jina zima, mbele ya mstari wa watu, mama mkwe akiwa hatua moja kutoka bega langu. Na kwa kuwa mzee alikuwa hasikii vizuri, nikalisema tena kwa sauti zaidi.

Mzee alichota udongo kwa vidole, akaunusa, akaanza kucheka mpaka kofia ikaanguka. “Hii njo komposti! Ile ya moniteri! Bwana karani, achilia mama. Mama, hii haiko ya ku posti. Iko yenu. Munatia mu bustani, munalima mboga ya lengalenga.”

Watu wote walicheka sasa, hata yule wa “mulozi,” yeye zaidi ya wote. Karani alitwambia tuondoe takataka zetu mbele ya meza ya serikali. Tukajitwika, tukatoka.

Mama mkwe alitangulia, mimi nikafuata. Sikufikiria udongo, sikufikiria kwamba tulikuwa tumeosha maganda miezi minne kwa ajili ya bustani yetu wenyewe. Nilifikiria mkeka. Nilihesabu vitu vyangu: mkeka, kitenge kimoja, kisu, kibuyu cha mama. Nilijiuliza nani atamwambia mume wangu, na kama atanifuata au atamsikiliza mama yake, na jibu nililijua. Nililia, na mwenye kikapu kichwani hawezi kujifuta vizuri, kwa hiyo machozi yalishuka tu.

Tulipofika Mulongwe, penye kivuko cha mawe, alisimama. Akatua kikapu, akakaa juu ya jiwe. Nami nikatua, nikapiga magoti.

“Mama, unisamehe.”

Alitazama maji.

“Sema tena,” alisema.

“Mama?”

“Ile jina. Ya Kirundi. Sema tena.” Akaendelea, bado anatazama maji. “Tangu tulimuzika sijalisikia. Batoto banasema baba. Majirani banasema marehemu. Minye mwenyewe tangu anioe sikulisema hata siku moja. Sema.”

Nikalisema, polepole, kwa woga.

“Si vile. Weye unasema sawa muntu anafagia. Mama yake alikuwa anavuta mwisho.”

Nikalisema tena, nikavuta mwisho. Alifumba macho. Machozi yalitoka, hakuyafuta, na yeye kichwani hakuwa na kikapu. Nikalisema mara ya tatu bila kuombwa. Akasema inatosha, watu wanapita.

Alisimama, akaanza kutembea ukingoni akigeuzageuza mawe kwa mguu. Nilifikiri anatafuta pa kuvukia. “Usichukue ya mu maji,” alisema, “inapasuka ku moto. Tafuta ya huku juu, yenye kukaa jua.” Alichagua mawili, mimi nikachagua la tatu, akalikataa, nikachagua jingine. Alimimina udongo wangu katika kikapu chake, kikajaa na kurundikana, na katika changu akapanga yale mawe matatu, jani la mgomba chini yake.

Kikapu cha udongo sasa kilikuwa kizito kupita mawe, na mimi ndiye niliyekuwa kijana. Nikainama kukichukua. Akaniondoa mkono. Alikiinua mwenyewe mpaka kichwani, akayumba kidogo, akakikamata kwa mikono miwili, akaingia majini mbele yangu.